Daftari la Mbolea: Nani Husoma Kilichoandikwa Igowole?

*Namba ya mkulima imeirahisishia Serikali kazi ya kuamua ruzuku iende kwa nani. Swali lililobaki ni vijiji vilivyotoa taarifa hizo navyo vinapata nini cha kuamulia mambo yao.*

Mwezi wa Novemba, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya chai na mvua za kwanza zimekwisha kulainisha udongo mwekundu wa wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, mkulima wa Igowole anapoingia katika duka la pembejeo hutanguliza namba yake kabla ya fedha yake. Wakala huiingiza namba hiyo katika simu, akangoja mtandao, na mtandao ukiitika hubainika kama mwenye namba ameandikishwa na kama angali ana mifuko anayostahili kununua kwa bei ya ruzuku. Kisha alama iliyopigwa chapa juu ya mfuko husomwa kwa simu, mauzo huingia katika kumbukumbu, na mbolea hufungwa nyuma ya bodaboda ikaondoka.

Mtandao usipoitika, hakuna kinachoondoka. Fedha ipo, mbolea ipo, wakala yupo, mvua inanyesha, na jirani aliyewahi jana amekwisha kupanda. Lakini idhini imo katika mtambo ulio mbali na Igowole kwa mamia ya kilomita, na mpaka idhini hiyo ije, mfuko hauna ruhusa ya kutoka dukani kwa bei iliyotangazwa.

Duka la namna hiyo, katika mji mdogo ulio kwenye njia itokayo Nyololo, katika barabara kuu ya Zambia, kwenda Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, ni mahali mwafaka pa kulitazama jambo ambalo aghalabu husemwa kwa lugha ya ofisini: namna mifumo ya taarifa inavyowasaidia, au inavyoshindwa kuwasaidia, watu wenye dhamana kufanya maamuzi. Hapa uamuzi ukiwa sahihi, mahindi hupandwa na mbolea chini yake. Ukikosewa, hupandwa bila kitu, na wakati wa mavuno ghala huyadhihirisha yote.

Nasema mapema ninaloamini, ili msomaji alipime kadiri anavyoendelea. Mfumo wa taarifa hustahili sifa pale tu unapomwezesha mwenye uamuzi mkononi kuamua vema kuliko alivyoamua jana. Na maadamu maamuzi mengi ya kilimo hufanywa na mkulima, afisa ugani na halmashauri ya kijiji, mfumo unaopeleka taarifa juu bila kuzirudisha chini umefanya nusu ya kazi yake.

Kutoka vocha hadi namba

Nyanda za Juu Kusini hazikuanza jana kuamuliwa kwa hesabu. Ilikuwa mjini Iringa, mwezi wa Mei 1972, ambako chama cha TANU kilipitisha azimio la Siasa ni Kilimo, na katika miaka iliyofuata mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ilitazamwa kuwa ghala la taifa, ikapelekewa mbolea na ikatarajiwa mahindi. Makadirio yalitoka juu. Mkulima aliyajua yalipokwisha kuwa mifuko.

Ikaja vocha. Katika mpango wa kitaifa wa vocha za pembejeo, uliodumu tangu msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 kwa msaada wa Benki ya Dunia, kaya iliyochaguliwa ilipewa hati za karatasi za kununulia, kwa takriban nusu ya bei, mbolea na mbegu za kutosha ekari moja, na kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyochagua. Taarifa, basi, zilikaa vichwani mwa wanakamati: wao ndio waliojua nani ana shamba, nani mjane, nani amekwisha kujitosheleza. Wangeweza kuitumia elimu hiyo kwa insafu, na wako walioitumia hivyo. Lakini Lei Pan na Luc Christiaensen, katika utafiti wao wa mkoani Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2012, walikuta kwamba kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa zilijipatia takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa.

Kilimanjaro si Mufindi, wala viongozi wa kijiji si waovu kuliko watu wengine. Mahali ambapo uamuzi hauachi maandishi yanayoweza kukaguliwa na mtu wa pili, hata mwema hujikuta amemkumbuka nduguye kwanza.

Kisha ukaja ughali. Mwaka 2021 bei ya gesi asilia, ambayo ndiyo hutengenezewa mbolea nyingi za naitrojeni, ilipanda duniani, na vita vya Ukraine vilivyozuka Februari 2022 vikaizidisha adha. Nchini Tanzania mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipita shilingi 130,000, kiasi ambacho kwa mwenye ekari mbili za mahindi kilikuwa sawa na kuambiwa asipande.

Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku, uliotengewa shilingi bilioni 150, ambao uliishusha bei ya mfuko wa DAP na ya mfuko wa urea hadi shilingi 70,000. Sharti lake kubwa lilikuwa kuandikishwa. Mkulima alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akataja jina, simu, mahali pa shamba, ekari na mazao. Na taarifa zake zilipoingizwa katika mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, yaani TFRA, akaletewa namba katika simu yake.

Maswali yaliyojibiwa

Haki yanilazimisha kukiri kwamba daftari hili la namba za wakulima limejibu maswali ambayo karatasi za vocha hazikuyaweza. Sehemu kubwa ya mbolea itumikayo nchini huja kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam, na mwaka 2017 Serikali iliweka utaratibu wa kuiagiza kwa pamoja; kisha hupandishwa bara kwa malori, au kwa reli ya TAZARA ipitayo Makambako. Safari hiyo yote, tangu kutafuta bei hadi kufika dukani, huchukua miezi, na kwa sababu hiyo mwenye kuagiza hana budi kuamua katikati ya mwaka juu ya kitakachotakiwa mvua zitakapoanza.

Zamani aliamuaje? Aliangalia mauzo ya mwaka uliotangulia, yaani aliangalia kilichopatikana akakidhania kuwa ndicho kilichohitajika. Kijiji kilichokosa mbolea mwaka jana kilionekana katika hesabu kuwa kijiji kisichotaka mbolea, na mwaka wa pili kikapelekewa kidogo zaidi. Kosa la aina hiyo halina mwenye nia mbaya ndani yake; hujizaa lenyewe, na hakuna bidii ya mtumishi inayoweza kuliondoa isipokuwa ipatikane taarifa ya namna nyingine.

> Kijiji kilichokosa mbolea mwaka jana kilionekana katika hesabu kuwa kijiji kisichotaka mbolea.

Daftari la wakulima lilileta taarifa hiyo. Linataja ekari kabla ya mauzo, na mauzo yanapoanza huonyesha siku kwa siku ni wapi mifuko inatoka kwa kasi na wapi imesimama, hata mwenye mamlaka, akitaka, aweze kuhamisha shehena kabla ya msimu kupita. Kadhalika, malipo ya ruzuku huweza kulinganishwa na mifuko iliyouzwa kwa mtu mwenye namba, badala ya mifuko iliyodaiwa tu kwamba ilipelekwa. Kwa nchi iliyokwisha kuonja machungu ya vocha, hilo si jambo la kupuuzwa.

Maswali yasiyoulizwa

Lakini mfumo wowote hujibu ulichoulizwa, na daftari hili liliulizwa maswali ya mlipaji. Lilitakiwa liseme nani anastahili na mifuko mingapi imetoka; kama mbolea ile iliufaa udongo ule, hilo halikuwa katika kazi yake.

Mufindi jambo hili ni zito. Udongo wa nyanda hizi, kwa mvua nyingi zinazouosha na kuuondolea madini yake mema mwaka baada ya mwaka, una tindikali. Mchai huupenda, mahindi na maharage huteseka ndani yake. Mbolea zenye amonia, na hasa SA, yaani salfeti ya amonia, zikitiwa msimu baada ya msimu bila dawa, huizidisha tindikali hiyo, na tindikali ikikolea huishika fosforasi iliyotiwa kwa DAP hata mizizi isiipate. Dawa yake yajulikana, ni chokaa ya kilimo. Basi yamkini mkulima akanunua mifuko yote aliyoruhusiwa, akaandikwa kuwa mnufaika kamili, na mavuno yake yakapungua. Nao mfumo, kwa kuwa umehesabu mifuko, utamweka katika fungu la waliofanikiwa.

Ujuzi haukosekani. Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais aliwakabidhi maafisa ugani pikipiki zaidi ya 6,000 pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo. Na katika kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, ambacho leo ni sehemu ya TARI, mbegu za mahindi na maharage za nyanda hizi zimeshughulikiwa kwa miongo mingi. Kipimo cha udongo na namba ya mkulima ni taarifa mbili za shamba moja. Zikikaa katika vitabu viwili visivyojuana, hapana atakayeweza kuamua kwamba kijiji fulani mwaka huu kipelekewe chokaa kwanza.

Viko na vinyungu. Msomaji wa pwani afahamu kwamba kinyungu ni shamba dogo la bondeni, lililoinuliwa matuta juu ya unyevu wa kijito, ambalo watu wa Iringa hulilima wakati wa kiangazi, mvua zimekwisha na mashamba ya juu yamelala. Humo hutoka mahindi mabichi, maharage, mboga na viazi, na humo hutoka fedha ya daftari za shule na ya dawa katika miezi ambayo nyumba haina kitu kingine cha kuuza. Mwenye kinyungu huhitaji mbolea Julai au Agosti, tena huihitaji kwa kilo chache. Hesabu iliyojengwa juu ya msimu mmoja wa mvua, ekari nzima na mfuko wa kilo 50 humwona kwa taabu. Kila mtu kijijini anamjua, na wengi wao ni wanawake. Alichokosa ni nafasi katika safu za fomu.

Wanaovutana

Wenye kuusimamia mfumo wana hoja moja yenye nguvu. Taarifa, wasema, hazina budi kukusanywa mahali pamoja kwa umbo moja, na asiwepo kijijini mtu mwenye uwezo wa kuzibadili apendavyo. Kwani siku mtendaji atakapoachiwa kuongeza jina na kupunguza ekari, mlango uliofungwa kwa taabu baada ya vocha utakuwa umefunguliwa tena. Ile asilimia 60 ya Kilimanjaro ni shahidi wao, na mimi sioni namna ya kumkataa shahidi huyo.

Mawakala na wakulima hujibu kwa mambo ya msimu wa kwanza. Mwaka 2022/23, katika sehemu nyingi za nchi, foleni zilikuwa ndefu, maduka yaliyosajiliwa yalikuwa machache na ya mijini, na mtandao ulikwama saa ambazo watu walikuwa wamekwisha kulipa nauli. Ruzuku ya mfuko mmoja huliwa na safari mbili za bure. Serikali yenyewe iliupokea ukweli huo kwa vitendo, maana misimu iliyofuata vituo vya mauzo viliongezwa na vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vikatumiwa kusogeza mbolea karibu na watu.

Baina ya hao wawili yuko afisa ugani, ambaye husahauliwa na pande zote. Yeye huandika taarifa za kata katika fomu za mfumo wa takwimu za kilimo ujulikanao kwa ufupi kama ARDS: ekari zilizolimwa, mavuno yanayotarajiwa, magonjwa na wadudu, bei sokoni. Huandikisha wakulima. Huombwa takwimu na halmashauri, na mkoa, na miradi ipitayo, aghalabu takwimu zile zile kwa umbo jingine. Mwanazuoni wa Marekani Herbert Simon, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978 kwa uchunguzi wake wa namna maamuzi yafanywavyo ndani ya mashirika, alionya mapema katika miaka ya 1970 kwamba wingi wa taarifa huzaa uhaba wa usikivu. Alikuwa akiwasemea wakuu wa mashirika makubwa. Maneno yake yanamfaa zaidi mtumishi wa kata mwenye pikipiki moja na vijiji kadhaa, ambaye kila saa anayoijaza fomu ni saa asiyoonekana shambani.

Tena ipo kasoro ambayo hakuna mtambo utakaoiondoa. Shamba moja huwa na ekari mbili mbele ya mtu wa michango, na nne mbele ya daftari la ruzuku. Mwenye kuulizwa hutaka kujua jibu lake litaleta nini, na akiona kwamba jibu kubwa huleta mifuko na jibu dogo huepusha madai, hunyoosha au hukunja kama inavyomfaa. Nayakuta makosa ya takwimu za aina hii yakilaumiwa kuwa ujinga wa wanavijiji. Mimi nayaona kuwa ni akili. Na njia ya kuyapunguza ni kumpa mtoa taarifa sababu ya tatu ya kujibu, nayo ni kwamba jibu la kweli litamsaidia yeye mwenyewe kuamua.

> Shamba moja huwa na ekari mbili mbele ya mtu wa michango, na nne mbele ya daftari la ruzuku.

Walivyofanya Morogoro na Rufiji

Nchi hii inao mfano wa taarifa zilizorudi kuwasaidia wenye kuamua, nao ni mzuri kiasi kwamba wageni huutaja kuliko sisi. Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la utafiti la Kanada liitwalo IDRC, ilianzisha mradi uliojulikana kwa jina la TEHIP katika wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: wilaya ikijua hasa ni maradhi gani yanawaua watu wake, na ikapewa nyongeza ndogo ya fedha pamoja na uhuru wa kuitumia, itaamua vizuri zaidi?

Watu wa mradi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika vizazi na vifo, wakawauliza wafiwa kwa upole dalili zilizomtangulia marehemu, ili sababu ya kifo ijulikane hata pale ambapo hakuna daktari aliyemwona. Hesabu hizo hazikupelekwa juu zikaishia huko. Ziligeuzwa michoro ya nguzo mbili ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma mezani pake: nguzo ya kwanza ikionyesha ukubwa wa balaa la kila maradhi, ya pili ikionyesha fungu la bajeti lililotengewa maradhi hayo.

Mchoro wa Morogoro ulisema jambo lililowashtua wenyewe. Malaria ilikuwa ikichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na bajeti ya mwaka 1996 ilikuwa imeitengea asilimia 5. Hakuna aliyekuwa amekusudia hivyo. Bajeti ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia, nayo ile kutoka ya kabla yake.

Mafungu yakapangwa upya, vyandarua vikatafutwa, waganga wa zahanati wakafundishwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Nyongeza iliyotumika ilikuwa karibu senti 80 za dola kwa mtu kwa mwaka. Katika Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Dawa na vyandarua ndivyo vilivyookoa maisha hayo. Mchoro uliwaonyesha watu walioketi wilayani mahali pa kuvipeleka.

Nakumbusha kwamba zahanati zetu zina vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, tangu miaka hiyo hiyo ya 1990, na kwamba muuguzi wa kijijini hujumlisha wagonjwa wake kwa kalamu kila mwisho wa mwezi kabla ya jumla hizo kuingia katika mfumo wa kompyuta wilayani. Taarifa za msingi zilikuwapo karibu kila mahali. Morogoro na Rufiji waliongeza ile safari ya kurudi.

Mfano wa kinyume nao tunao. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza ya nchi, aina ya ICT 1500. Miaka michache baadaye ikabadilishwa kwa nyingine yenye nguvu zaidi, hesabu za Serikali zikavurugika, kazi ikarudishwa kwa mashine za kawaida, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku isipokuwa kwa kibali. Taifa lilikaa miaka mingi likiuogopa mtambo, wakati taksiri ilikuwa katika kuununua kabla ya kuwapo watu wa kuuendesha na maswali ya kuuliza.

Kipimo cha mvua Ngwazi

Wala hapana haja ya kwenda Morogoro. Katika wilaya hii hii ya Mufindi, kwenye kituo cha utafiti wa chai cha Ngwazi, watafiti walitumia miaka mingi tangu ile ya 1980 wakichunguza jambo moja linalowakera wakulima wa chai wote wa hapa: mvua hukatika mwezi wa Mei, kiangazi huendelea mpaka Novemba, na wenye mashamba makubwa yenye mabwawa hawana budi kuamua lini wamwagilie, kiasi gani, na shamba lipi litangulie.

Utaratibu waliousitawisha ni wa kumvutia yeyote anayedhani kwamba mfumo wa taarifa ni lazima uwe na kioo kinachong'aa. Kila siku hupimwa mvua iliyoingia na hukadiriwa maji yaliyopaa kwa jua na upepo. Tofauti yake hujumlishwa katika daftari, siku juu ya siku, ikawa ni deni la maji ambalo udongo unalidai. Mchai mchanga, wenye mizizi mifupi, huumia deni likiwa dogo. Mchai mkongwe wa Mufindi, ambao mizizi yake imekutwa ikishuka mita kadhaa ardhini, hustahimili deni kubwa kabla mavuno hayajapungua. Basi meneja hufungua ukurasa, akaliona deni, akautazama umri wa shamba, akaamua leo amwagilie au angoje.

Ndani ya ukurasa huo kila namba inamngojea mtu atakayeisoma na kutenda. Yule anayeandika mvua asubuhi anajua inakwenda kufanya nini mchana, na kwa sababu hiyo haandiki ya uongo. Daftari la mbolea la Igowole lina majina mengi zaidi, gharama kubwa zaidi na teknolojia ya juu zaidi, lakini katika jambo hili moja limezidiwa na kipimo cha mvua.

Kilicho hatarini

Yako makubwa kuliko mifuko. Daftari linalojua jina, simu, ekari na mazao ya mtu ni mali, na wako watakaolitamani: wenye benki watakaotaka kujua nani wa kumkopesha, wanunuzi watakaotaka kujua wapi pana mazao kabla ya bei kupanda, walanguzi wa ardhi. Baadhi ya matumizi hayo ni ya heri, na mkulima mwenye kumbukumbu ya misimu mitatu ya manunuzi huenda akaaminiwa mkopo ambao jana angenyimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumiwe kwa kusudi zilizokusanyiwa; lakini sheria humlinda anayejua kwamba analindwa, na huko vijijini sijaona kwamba jambo hilo limeelezwa vya kutosha.

Kisha yako mahindi yenyewe. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao una kanda yake Makambako, huamua kila mwaka wapi ufungue vituo vya kununulia na kwa kiasi gani. Makadirio ya mavuno yakiwa yamejengwa juu ya ekari zilizonyooshwa kwa ajili ya ruzuku, yatatangaza ziada isiyokuwapo. Na nchi iliyoambiwa ina ziada huruhusu mahindi yatoke, mpaka Januari wenye nyumba wanaponunua debe kwa bei ya kulia.

Kwa hiyo nataka jambo moja dogo litendeke, nalo haliombi mtambo mpya. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao utaratibu unautaka uketi kila baada ya miezi mitatu. Ofisi ya kilimo ya wilaya iwapelekee watendaji, kabla ya mkutano utanguliao msimu, ukurasa mmoja kwa kila kijiji, usio na jina la mtu yeyote: wangapi waliandikishwa, ekari ngapi kwa jumla, mifuko mingapi ya kila aina ilinunuliwa mwaka jana na katika mwezi gani, wangapi walikuwa na namba na hawakununua hata mfuko mmoja, na udongo wa kijiji ulipopimwa ulikutwaje. Mstari wa wale wasionunua ndio ningeutazama kwanza, kwa kuwa hakuna awezaye kueleza sababu yake isipokuwa waliomo ndani ya mkutano huo: umbali wa duka, ukosefu wa fedha taslimu, namba iliyopotea pamoja na simu, au ndugu aliyeitumia namba ya mwenziwe.

Ukurasa huo ukibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji mwezi wa Septemba, wakati taarifa za wakulima zinapohuishwa kwa ajili ya msimu mpya, zitabaki wiki kadhaa za kusahihisha ekari, kuomba kituo cha mauzo kisogezwe, kuagiza chokaa, na kuwaandikisha wenye vinyungu kabla mvua ya kwanza haijanyesha.